Muulize Bibi Hadubini: "Kiini kiko wapi?"

Toleo lililopita niliandika habari za tone la damu, na barua zilizofuata zimenionyesha kuwa nilianzia hadithi katikati. Nilitaja seli nyekundu, nikataja seli nyeupe, wala sikusema seli yenyewe ni mnyama gani. Basi ukurasa wa mwezi huu wote ni wa seli. Kwa wageni: mimi ni bibi mstaafu. Miaka 31 kazi yangu ilikuwa kuchungulia damu, mkojo na makohozi ya watu katika maabara ya hospitali. Hadubini niliyojifunzia ilikuwa ya jicho moja, na mpaka leo nikishika gazeti jicho la kushoto hujifumba lenyewe. Majina ya watoto siyaandiki, umri unatosha.

"Shikamoo Bibi. Mwalimu ametuambia mwili umejengwa kwa seli. Kaka yangu akacheka, akasema seli ni chumba cha polisi cha kufungia wezi. Nani mkweli? Na mimi nina seli ngapi?"
– Msomaji, miaka 8

Marahaba mjukuu wangu. Wote wawili ni wakweli, tena neno ni lilelile moja. Mwaka 1665 Mwingereza aitwaye Robert Hooke alichukua kizibo cha chupa, kile kinachotokana na gome la mti, akanoa kisu mpaka kikawa kama wembe, akachanja kipande chembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Alipokiweka chini ya hadubini yake akaona vitundu vitupu vimepangana ukuta kwa ukuta, akavifananisha na sega la nyuki. Akavipa jina la Kiingereza lenye maana ya chumba kidogo, neno hilohilo wanaloliita chumba cha mtawa na chumba cha mfungwa. Sisi tukalipokea mara mbili: mara ya kwanza likapitia kituo cha polisi, mara ya pili likapitia darasa la sayansi. Wapo wanaosema chembehai, na ni neno zuri, lakini sisi wa maabara tumezoea seli.

Sasa sikiliza. Vyumba alivyoviona Hooke vilikuwa vitupu kwa sababu wenyewe walishakufa. Gome lilikuwa limekauka, zikabaki kuta. Ni kama mtu afike kwenye kijiji kilichohamwa, ahesabu nyumba, halafu aseme amewaona wanakijiji. Seli iliyo hai haina nafasi tupu hata ya kuchomeka sindano. Nje imezungukwa na utando, mwembamba ajabu, ambao kazi yake si kuifunga tu bali kuchagua: hiki kiingie, kile kitoke, hiki kisubiri. Ndani mna majimaji mazito yaitwayo saitoplazimu, na humo vitu vimesongamana kama abiria. Mna mitokondria, zinazotumia oksijeni kukitoa nguvu chakula ulichokula. Mna ribosomu, vidogo mno, vinavyounganisha protini kipande kwa kipande. Na kwenye seli nyingi za mwili wako mna kiini, ambamo DNA imehifadhiwa, yaani maelekezo yote ya namna ya kukujenga wewe. Ukiweza kuinyoosha DNA ya seli yako moja utapata uzi wa mita 2 hivi. Uzi huo umekunjwa ndani ya kitu ambacho jicho lako haliwezi kukiona.

Na seli hiyo moja inakula, inatoa taka, inakua, inagawanyika kuwa mbili, na siku yake ikifika inakufa.

Kuhusu idadi: wanasayansi wamekadiria kwamba mtoto wa miaka 10 ana seli trilioni 17 hivi. Wewe una 8, kwa hiyo punguza kidogo. Kama mtu angezihesabu moja kila sekunde bila kulala wala kunywa maji, angemaliza baada ya miaka zaidi ya laki tano. Mwambie kaka yako aanze leo.

"Shikamoo Bibi. Kwenye mtihani tuliambiwa tuchore seli ya mnyama. Mimi nilichora seli nyekundu ya damu kama ulivyoieleza: mviringo uliobonyea katikati, hauna kiini. Nimepata 0. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu, 'Kiini kiko wapi?' Je, nimekosa?"
– Msomaji, miaka 11

Marahaba. Hukukosa. Ila nakuomba usiende darasani ukiupeperusha ukurasa huu kama bendera, nina sababu na nitaitaja mwishoni.

Mwalimu alitaka ule mchoro wa kitabuni: duara, nukta katikati, mistari ya majina ubavuni. Naujua sana mchoro huo na sijawahi kuupenda. Miaka yangu yote ya kazi sikukutana na seli hiyo hata mara moja. Ukimwambia mtu "chora kifaa cha fundi", atachora nini? Nyundo? Msumeno? Futikamba? Hakuna kifaa ambacho ni kifaa tu. Na seli vivyo hivyo: kila moja imeumbwa kwa kazi yake, na kazi ndiyo inayoipa sura.

Chukua hiyo uliyoichora. Seli nyekundu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na huko mwanzoni ina kiini kama wenzake. Inapokaribia kuingia kwenye damu inakisukuma kiini chake nje. Usidhani natia chumvi, inakitoa kweli, na seli nyingine iliyo jirani inakimeza. Kisha inaziondoa na mitokondria. Kinachobaki ni mfuko uliojaa himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Ni kama mtu aliyeng'oa viti vyote kwenye gari, hata cha utingo, ili apate nafasi ya mizigo. Tena mfuko huo unakunjika. Upana wake ni mikromita 7 hadi 8, na mikromita ni milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Mishipa midogo kabisa ya damu ni myembamba kuliko hapo, kwa hiyo seli nyekundu hujikunja ikapita kwa kujibana, moja nyuma ya nyingine. Ikiwa na kiini katikati, kigumu kama kokwa, ingepata taabu.

Hasara yake? Asiye na maelekezo hawezi kujikarabati. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi, ikichakaa inavunjwavunjwa, hasa kwenye wengu na ini. Ndiyo maana uboho haupumziki: hutoa seli nyekundu mpya karibu milioni 2 kila sekunde. Umesoma sentensi hii moja, zimeshazaliwa nyingi kuliko watu wa mji mkubwa.

Lakini usije ukaandika kwenye mtihani ujao kwamba damu zote ziko hivyo. Mwaka wangu wa kwanza wa mafunzo, mkufunzi alitupa kioo cha damu kisichoandikwa jina, akauliza, "Mgonjwa huyu ana nini?" Nikatazama. Seli zote zilikuwa na umbo la yai, na kila moja ina doa la zambarau katikati. Moyo ukanienda mbio. Nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa kwamba mgonjwa ana hitilafu kubwa ya damu na alazwe mara moja. Mkufunzi akasoma jibu langu kwa sauti mbele ya darasa, akakunja karatasi, akasema mgonjwa ni jogoo.

Ndege, mijusi, vyura na samaki huwa wanabaki na viini kwenye seli zao nyekundu. Sisi tunaonyonyesha watoto ndio tunaovitoa. Na ngamia, kwa sababu ngamia hakosi visa, seli zake zina umbo la yai kama za kuku lakini kiini hazina.

Baadaye, kazini, nilijifunza kuogopa kiini kwenye damu ya mtu kwa sababu nyingine. Tulipaka rangi iitwayo Giemsa juu ya kioo, tukasubiri, tukasuuza, tukaweka tone la mafuta, tukaangalia. Seli nyekundu hutoka na rangi hafifu, ya waridi inayoelekea kijivu. Halafu ndani ya moja unaona kipete cha buluu, chembamba kama uzi, chenye nukta nyekundu pembeni, mfano wa pete yenye kito. Kinapendeza, kusema kweli. Hicho ni kimelea cha malaria. Nacho ni seli, moja, kamili, na ile nukta nyekundu ndiyo kiini chake. Seli imeingia ndani ya seli nyingine na kujifanya mwenye nyumba. Kwa hiyo nikiulizwa "kiini kiko wapi?" mimi huwa nauliza kwanza, cha nani?

Ungeweza kuchora nyingine yoyote ukapata sura tofauti. Seli nyeupe ile iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu yako, ambayo kazi yake ni kukimbilia bakteria na kuwameza, kiini chake kimegawanyika mafundo matatu, manne, hata matano, yameungana kwa uzi mwembamba kama shanga chache. Seli ya neva ina mwili mdogo na mkia mrefu: ile inayotoka chini ya uti wa mgongo mpaka kwenye kidole gumba cha mguu wa mtu mzima hukaribia mita 1. Seli za misuli ya mikono na miguu ni ndefu kama nyuzi, na moja inaweza kuwa na viini mamia. Seli zinazotandika utumbo mwembamba zina vinyweleo upande mmoja, vimesimama kama brashi, ili eneo la kunyonya chakula liongezeke. Zile za shavuni, kwa ndani, ni bapa na zimekunjamana pembeni kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Sasa ile sababu yangu. Kama ningesahihisha mimi ningekupa alama, lakini si zote. Mtihani ulitaka kujua kama unazifahamu sehemu za seli, na wewe katika seli zote za mwili umechagua iliyotupa karibu kila kitu nje. Ni ujanja huo, hata kama hukukusudia. Mwendee mwalimu wakati hana watu, muulize kwa adabu kama unaweza kuandika chini ya mchoro "seli nyekundu ya damu ya binadamu, iliyokomaa". Walimu wengi wakiona neno "iliyokomaa" hulainika.

"Hujambo Bibi? Mwanangu wa miaka 9 ameng'ang'ania kwamba yai la kuku ni seli moja: kiini cha yai ndicho kiini cha seli, ute ndio saitoplazimu, na ganda ndio utando. Anasema ameona kwenye picha. Nimjibuje?"
– Mama msomaji

Sijambo mwanangu. Hapa Kiswahili chenyewe ndicho kilichotutegea mtego, kwa kuwa tunatumia neno moja, kiini, kwa vitu viwili. Ile sehemu ya njano tunayoiita kiini cha yai siyo kiini cha seli. Hiyo ndiyo seli yenyewe, nzima nzima, imevimba kwa akiba ya chakula. Ute na ganda havimo kwenye hesabu. Ni vifungashio alivyovizungushia kuku baadaye, seli ile ikiwa safarini ndani ya mirija yake kuja kutagwa.

Basi kiini cha kweli kiko wapi? Mpasulie yai taratibu kwenye sahani, njano isipasuke. Juu ya njano ile mtaona kidoa kimoja cheupe kilichopauka, upana wa milimita chache. Kama hakionekani, igeuzeni kidogo kwa kijiko, huenda kimelala chini. Kiini cha seli kimo humo, na kwa jicho hamtakiona. Kila kitu kingine cha njano ni posho.

Ongeza na hili, maana mtoto wa namna hiyo atauliza tu: mambo hayo ni kwa yai ambalo halikurutubishwa. Kama jogoo alihusika, basi kufikia saa ya kutagwa kidoa kile kimeshakuwa seli maelfu. Hivyo mwanao amepata nusu. Seli moja, ndiyo. Majina ya sehemu zake, hapana. Na aliyechora picha ile kitabuni ningependa sana kumpata.

Yai la binadamu, kwa kulinganisha, halibebi posho nyingi kwa sababu mama atalisha mwenyewe. Lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Hata hivyo ni miongoni mwa seli kubwa kabisa kwa unene mwilini. Mwenye macho makali anaweza kuliona kama kichembe cha vumbi.

"Bibi, tembo ana seli kubwa kuliko za panya?"
– Msomaji, miaka 10

Swali zuri, na jibu lake huwa linawakasirisha watoto: hapana. Seli nyingi za tembo na za panya zinakaribiana sana kwa ukubwa. Tembo anazo nyingi zaidi, basi.

Kwa nini zisiwe kubwa? Chukua dadu yenye upande wa sentimita 1. Ina nyuso 6, kila uso sentimita 1 ya mraba. Kwa hiyo kilichomo ndani, sentimita 1 ya ujazo, kina ngozi ya mraba 6 ya kupitishia chakula na hewa. Sasa tengeneza dadu yenye upande wa sentimita 3. Nyuso zake zikijumlishwa ni mraba 54. Nyingi, si ndiyo? Lakini ndani mna ujazo wa 27. Gawanya. Kila sehemu moja ya ndani imebakiwa na mraba 2 tu wa ngozi, badala ya 6. Seli ikinenepa, tumbo hukua haraka kuliko mlango. Katikati itakufa njaa huku utando umejaa chakula. Ndiyo maana seli ikifikia kiasi fulani ni heri igawanyike.

Zipo zinazokwepa kanuni hiyo kwa akili. Seli ya neva hukua kwa urefu bila kunenepa: twiga ana neva inayotoka kichwani, inashuka shingo yote mpaka kifuani, inageuza, inapanda tena hadi kwenye koo, na nyuzi zake huweza kuzidi mita 4. Ni nyembamba mno, hivyo hakuna sehemu yake iliyo mbali na utando. Na mwaka 2022 wanasayansi walitangaza bakteria wa ajabu aliyepatikana kwenye mikoko ya Guadeloupe, katika bahari ya Karibi. Bakteria wa kawaida ana mikromita 1 au 2. Huyu ana sentimita 1 hivi, wengine hufika 2, anaonekana kwa macho kama uzi mweupe umenasa kwenye jani. Ukimfungua, katikati kumejaa mfuko mkubwa wa maji, na sehemu yake iliyo hai imebanwa pembeni, karibu na utando. Amekuwa mkubwa kwa kujaza tumbo maji! Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu.

"Shule yetu imepata hadubini moja. Tuliangalia ngozi ya kitunguu. Mimi niliona miduara mizuri yenye ukingo mweusi nikaichora yote. Mwenzangu amesema hizo si seli. Yeye alichora kama matofali. Nani amepatia?"
– Msomaji, miaka 12

Pole, mwenzako. Wewe umechora hewa. Duara safi kabisa, ukingo mweusi mnene, katikati kunang'aa: hilo ni povu lililonaswa chini ya kioo. Usione haya. Kila mwanafunzi niliyewahi kumfundisha amewahi kuniletea povu akidhani amegundua kitu, na mmoja alinipa na jina lake la kisayansi.

Fanyeni hivi. Vunja tabaka moja nene la kitunguu, na upande wa ndani uliojipinda mtaona kingozi kama nailoni. Kivute kwa kibano, kitoke chembamba kimoja. Kata kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Watu hukata kikubwa, kikajikunja, wakaanza kulaumu hadubini. Kitandaze juu ya tone la maji kwenye kioo. Weka tone la aiodini ili viini vitokeze kwa rangi ya kahawia. Halafu kile kioo chembamba cha kufunikia usikidondoshe kama kifuniko cha sufuria. Kigusishe ukingo mmoja kwanza, kikiwa kimeinama, kisha kiteremshe polepole kwa ncha ya sindano ili maji yasukume hewa itoke. Anzeni na lenzi ndogo kabisa. Nasema tena, ndogo kabisa. Lenzi kubwa ikigonga kioo hamtapata hadubini ya pili mwaka huu.

Mtakachoona ni matofali marefu, safu kwa safu, yamepishana. Mistari ile iliyonyooka ni ukuta wa seli, kitu ambacho sisi wanyama hatuna. Mmea hauna mifupa. Ukuta huu mgumu, nje ya utando, ndio unaousimamisha. Sehemu kubwa ya ndani ya tofali ni vakuoli, mfuko wa maji, na ndiyo sababu kiini hamtakikuta katikati: kimesukumwa pembeni, kimeegemea ukuta.

Na hapa nina deni. Miezi michache iliyopita niliandika kwamba seli za mimea zina kloroplasti, zile punje za kijani zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza chakula. Msomaji mmoja ameniandikia mistari miwili: "Bibi, nimetafuta kijani kwenye ngozi ya kitunguu mpaka macho yameuma. Hakuna." Kweli kabisa, hakuna. Sehemu ile ya kitunguu hukua gizani, kloroplasti zingefanya kazi gani? Nilipaswa kusema seli za majani na za sehemu nyingine za kijani. Nami nilichora mchoro wa kitabuni, kama wale ninaowasema.

Sasa yale ya haraka haraka.

Virusi ni seli? (Miaka 9.) Hapana. Hana saitoplazimu wala ribosomu, hawezi kujitengenezea chochote. Ni maelekezo yaliyofungwa kwenye protini, na mpaka aingie ndani ya seli ya mtu mwingine hazaliani.

Bakteria ni mdudu? (Miaka 7.) Si mdudu, ni seli moja inayojitegemea. Kiini hana, DNA yake imelala wazi kwenye saitoplazimu. Wasio na kiini wako upande mmoja, na upande wa pili kuna wenye kiini: wewe, mahindi, uyoga, hamira, amiba, kimelea cha malaria. Bakteria wengine wakishiba hugawanyika kila dakika 20, na mmoja akiachwa atanue kwa saa 7 bila kuzuiwa, hesabu inapita milioni 2. Mtu wa kwanza kuwaandika alikuwa mfanyabiashara wa nguo wa mji wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea lenzi mwenyewe. Mwaka 1683 alieleza vijidudu alivyovikwangua kwenye meno yake, vikicheza kwenye tone la maji. Kapige mswaki.

Mbona kukata nywele hakuumi? (Miaka 6, kwa mwandiko wa dada.) Sehemu inayokatwa imeundwa na seli zilizokwisha kufa, zimejaa protini ngumu iitwayo keratini. Kucha ni hivyohivyo. Seli hai ziko kwenye shina, ndani ya ngozi, nako kuna neva. Ukivutwa nywele utajua.

Seli mpya hutoka wapi? (Miaka 11.) Kwenye seli nyingine, na si penginepo. Ukijikwaruza goti, seli za pembeni mwa jeraha hunakili DNA yao, hugawanyika, na kuteleza kuelekea katikati mpaka zikutane. Mjerumani Rudolf Virchow aliisisitiza habari hiyo mwaka 1855, watu wengi wakiwa bado wanadhani zinaweza kujitokea tu.

Barua ya mwisho ilipotea kwenye droo ya mhariri, imeonekana wiki hii. Ina umri wa miezi mitano.

"Bibi wa Adubini shikamoo. Seli zangu zitakufa lini? Naogopa kidogo."
– Msomaji, miaka 7

Marahaba mpenzi wangu, samahani kwa kukusubirisha. Usiogope, zinakufa kila siku, nawe uko palepale. Zile zinazotandika utumbo wako hudumu siku chache tu, kisha huachia nafasi. Za juu ya ngozi huchukua wiki kadhaa, zikapukutika, na nyingine umeshaziacha shukani. Seli nyekundu nimeshasema, siku 120, kwa hiyo karibu zote ulizokuwa nazo ulipoandika barua hii zimeshavunjwa, na chuma chake kimetolewa, kikarudishwa kwenye uboho kujengea nyingine. Ila seli nyingi za neva kichwani mwako hazibadilishwi, utazeeka nazo. Zilizoamua kuandika "Adubini" bila h bado ni zilezile, kwa hiyo nategemea barua ijayo utaikosea tena, nami nitaifungua kwanza kabla ya nyingine.